Mbavu Hazifungwi Plasta

Kila mwaka vijana wa kipaimara katika usharika wetu huniita niongee nao habari za afya. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kazi yangu ni kuwasaidia watu kusimama, kutembea na kupumua vizuri tena baada ya ugonjwa au ajali. Na kila mwaka, kabla sijamaliza kujitambulisha, mkono mmoja unakuwa umeshanyooshwa. "Mama, ni kweli wanaume wana ubavu mmoja pungufu?"

Huwa sijibu. Nawaambia wajihesabie. Si kazi rahisi, maana ubavu wa kwanza umejificha nyuma ya mtulinga na haupapasiki vizuri. Nawaelekeza waweke kidole kwenye kishimo kilicho chini ya koo, wakishushe taratibu juu ya mfupa wa kidari mpaka wakute kituta kidogo kilichokatiza. Pembeni ya kituta hicho ndipo ulipo ubavu wa pili. Kuanzia hapo wanashuka: wa tatu, wa nne, wa tano. Wakifika wa nane wengi wamepotea njia, na darasa limegeuka soko. Ndipo nawapa jibu: kila upande mbavu 12, jumla 24, kwa wavulana na kwa wasichana. Wapo watu wachache wanaozaliwa na ubavu wa ziada, lakini hao wamo katika jinsia zote mbili. Jambo hili si jipya. Mwaka 1543 Andreas Vesalius, aliyekuwa mwalimu wa udaktari huko Padua nchini Italia, alieleza katika kitabu chake kikubwa cha maumbile ya mwili kwamba mwanamume na mwanamke wana mbavu sawa.

Hapo kimya huingia, kisha hufuata swali lenyewe. "Kwa hiyo Biblia imesema uongo?"

Nalipenda swali hilo kwa sababu anayeuliza ameanza kuamini kwa akili zake mwenyewe. Nawaambia wafungue kitabu cha Mwanzo wasome sura ya pili polepole. Hakuna mahali pameandikwa kwamba wana wa Adamu wangezaliwa wakiwa na upungufu. Mtu aliyekatwa mguu anazaa watoto wenye miguu miwili. Sisi ndio tuliojiongezea hesabu, tukaifundisha kana kwamba ni Neno. Na hatari yake ni kubwa: kijana akiambiwa kwamba imani yake imesimama juu ya idadi ya mbavu, siku atakapozihesabu ataiacha imani hiyo palepale kwenye meza ya maabara.

Kisha nawaambia jambo jingine. Neno la Kiebrania lililotumika pale ni *tsela*. Neno hilohilo limetumika kwa upande wa sanduku la agano na kwa vyumba vilivyojengwa kandokando ya hekalu la Sulemani. Kwa hiyo si kimfupa tu; ni upande, ni kando, ni sehemu inayobeba jengo. Na sisi Waswahili hatuhitaji kamusi ya Kiebrania kulielewa hilo, maana lugha yetu inasema vivyo hivyo. Tunasema mtu amekaa ubavuni mwa mwenzake. Tunasema "sina ubavu wa kufanya hivyo" tukimaanisha hatuna uwezo. Na kijana akipata mchumba tunamwambia amepata ubavu wake. Upande, nguvu, mwenzi: yote hayo tumeyaweka katika neno moja.

Nimeanza na habari ya vijana kwa sababu ni nyepesi. Ninayotaka kusema hasa ni mazito zaidi, na siwezi kuyasema bila kueleza kwanza jinsi kifua kilivyojengwa.

Watu wengi wanakifikiria kifua kama sanduku la mifupa lililofungia moyo na mapafu. Kingekuwa sanduku, tungekufa katika dakika chache. Kifua ni ukuta unaotembea. Nyuma, kila ubavu umeungana na uti wa mgongo kwa kiungo kidogo kinachozunguka. Mbele, mbavu saba za juu zimefika kwenye mfupa wa kidari kila mmoja kwa gegedu lake. Ubavu wa nane, wa tisa na wa kumi haufiki wenyewe. Kila mmoja umeegemea gegedu la ubavu ulio juu yake. Mbavu mbili za mwisho hazifiki kabisa, zinaishia ndani ya misuli ya ubavuni. Gegedu ni laini kuliko mfupa, na ndilo linalokifanya kifua kinepe na kurudi. Kwa watoto wadogo ukuta huu ni laini zaidi. Ndiyo maana mtoto mwenye nimonia kali kifua chake hubonyea ndani kila anapovuta pumzi. Mzazi akiona hivyo asisubiri kesho. Ampeleke mtoto hospitali saa hiyohiyo.

Katikati ya mbavu imepangwa misuli kwa matabaka. Tabaka la nje nyuzi zake zimelala kwenda chini na mbele, kama mtu anayetia mikono katika mifuko ya koti. Tabaka la ndani nyuzi zake zimekatiza kinyume chake, kama ukili uliosukwa. Chini kabisa kuna kiwambo, msuli mpana wenye umbo la kuba unaotenganisha kifua na tumbo. Unapovuta pumzi, kiwambo hushuka na kutandazika, na mbavu huinuka kwenda nje kama mkono wa ndoo unavyoinuka. Kifua kinapanuka, hewa inaingia. Misuli ikilegea, kila kitu kinarudi mahali pake na hewa inatoka. Mtu mzima aliyetulia hufanya hivyo kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Ukichukua mara 15, kwa siku moja ni mara 21,600. Umelala, umesahau, umekasirika na Mungu, mbavu zinainuka na kushuka.

Ulinzi ambao Mungu ameuweka juu ya moyo wetu, basi, ni ulinzi unaotembea. Unalinda na kupumua kwa wakati mmoja. Ukiukaza usitikisike kabisa, umemuua mtu unayetaka kumlinda.

Jambo hili nililisoma chuoni na nikalifaulu katika mtihani. Nililielewa nyumbani kwetu, Njombe, mwezi Juni, wakati baridi inapokuwa kali.

Mdogo wangu na mume wake walikuwa wanatoka shambani kwa pikipiki. Lori liliwagonga. Shemeji yangu alifia palepale barabarani. Mdogo wangu alivunjika mbavu nne za upande wa kushoto, wa tano hadi wa nane. Shemeji alikuwa fundi seremala na mwimba besi katika kwaya, na alikuwa mcheshi wa ajabu. Kazi yake kubwa katika familia ilikuwa kutuvunja mbavu kwa vichekesho. Hata baba yetu, mzee asiyecheka ovyo, alikuwa akimwona tu anaanza kutabasamu. Mazishi yalisubiri mpaka mdogo wangu aliporuhusiwa kutoka hospitali. Nilipomsaidia kushuka kwenye gari alinishika mkono akaniambia, "Dada, daktari ameandika mbavu nne. Amekosea hesabu. Ni tano."

Alikalishwa juu ya godoro pamoja na wanawake wa msiba. Kila alipoanza kulia, kifua kilimchoma kama kisu, akakatisha. Kilio cha kweli hutoka kwenye kiwambo. Lugha yetu inalijua hilo pia, maana neno kwikwi tumelipa kazi mbili, ile ya mtu aliyepaliwa na ya mtu anayelia kwa uchungu, na zote mbili ni kiwambo kinaruka. Sasa kila kwikwi ilizivuta zile mbavu zilizovunjika. Akawa analia kwa macho tu, pumzi fupi fupi, midomo imefungwa.

Shangazi yetu, mama mwenye upendo ambaye amezika wengi, alikuja na khanga mbili. Alimzungushia mdogo wangu kifuani akazifunga kwa nguvu. "Jikaze, mwanangu," alimwambia. "Jikaze. Kazi ya Mungu haina makosa." Wanawake wakaitikia, jikaze mama, jikaze. Na kweli mdogo wangu akatulia. Maumivu yalipungua, kilio kikakoma. Watu wakasema ana imani.

Nilingoja shangazi amalize kumnywesha uji, nikamwamkia upya na kumwomba tuongee pembeni. Nilimwambia, "Shangazi, ulichofanya hata hospitali walikuwa wanakifanya zamani. Walikuwa wanawafunga wagonjwa wa mbavu bendeji pana kuzunguka kifua chote." Nikamweleza kwa nini kiliachwa. Mfupa wa mguu au wa mkono ukivunjika tunaufunga plasta, tunauambia upumzike. Mbavu hazina mapumziko. Ukizikaza, maumivu yanapungua kwa sababu kifua hakipanuki, na kifua kisipopanuka mapafu hayajai. Sehemu za chini za pafu zinasinyaa, makohozi yanabaki ndani, na nimonia inapata nyumba. Mgonjwa, hasa mzee, anaweza asiuawe na mfupa uliovunjika bali na nimonia inayofuata, huku kila mtu akisema ametulia.

Shangazi alinisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sijalisahau. "Sasa mwanangu, mfupa uliovunjika utaungaje na huku unatikiswa kila saa?"

Nikamwambia, "Unaunga hivyohivyo, shangazi. Unaunga huku unatikiswa."

Huo ndio ukweli wa ajabu wa mbavu. Kingo mbili za mfupa zinasogezwa zaidi ya mara 20,000 kwa siku, na bado, katika wiki sita hivi, kwa wengine zaidi, mwili unajenga kinundu cha mfupa mpya kinachoziunganisha. Kazi yetu sisi watu wa tiba ni kupunguza maumivu ili mgonjwa aweze kupumua. Tunampa dawa kwa wakati wake, asisubiri mpaka maumivu yamshinde. Tunamkalisha wima. Kila saa, akiwa macho, anavuta pumzi ndefu kama kumi. Anapotaka kukohoa anaukumbatia mto na kuubana pale panapouma, kisha anakohoa kweli, hajizuii. Akipata homa, akikosa pumzi au akikohoa damu, anarudishwa hospitali bila kuchelewa.

Shangazi alirudi ndani, akafungua zile khanga kwa mikono yake mwenyewe. Akazikunja zikawa kama mto mdogo, akamwekea mdogo wangu ubavuni na kupashikilia kwa kiganja. Akamwambia, "Haya mama, lia. Mimi nimepashika hapa." Mdogo wangu akalia. Alilia kilio kilichotoka chini kabisa, na shangazi hakuondoa mkono wake.

Tangu siku ile neno "jikaze" limenikaa kooni. Tunalitumia kwa nia njema. Tunalisema makaburini, tunalisema kwa wajane, kwa wazazi waliozika watoto, hata kwa watoto wadogo waliofiwa. Tunaliongezea maneno ya imani: Mungu amempenda zaidi, usilie kama wasio na tumaini, mshukuru Mungu kwa yote. Lakini nilipoona zile khanga nilielewa maana ya kukaza. Tunamfunga mtu kifua. Kilio kinakoma, nasi tunapumzika, maana kusikia kilio cha mtu ni kazi ngumu. Tunasema ana imani. Kumbe pumzi haifiki chini, na kisichotoka kinaoza humo ndani.

Mdogo wangu alikaa miezi mingi bila kuimba ibadani. Alikuja, alikaa, alisimama wengine waliposimama, lakini kinywa kilikuwa kimefungwa. Jioni moja aliniuliza, "Dada, Mungu alikuwa upande gani wa barabara siku ile?" Nilijua wapo ambao wangemwambia asiseme hivyo, ni kumkosea Mungu. Mimi sikumjibu na sikumnyamazisha. Nilimwambia amwulize mwenyewe aliyemkusudia. Alinitazama kama aliyeruhusiwa kitu alichodhani ni haramu. Usiku ule nilimsikia chumbani kwake akiomba. Haikuwa sala ya kushukuru. Ilikuwa ugomvi. Aliuliza, alilaumu, alikaa kimya, akauliza tena. Lakini ilikuwa sala, ya kwanza niliyoisikia kwake tangu Juni, na ilikuwa na pumzi ndefu.

Nikaanza kuisoma Biblia upya kwa kutafuta jambo moja: je, watu wa Mungu walijikaza? Sikuwaona. Ayubu alilalamika sura baada ya sura, na mwishoni Mungu akawakemea marafiki waliomtetea Yeye, akasema kwamba Ayubu ndiye aliyesema yaliyo sawa. Katika kitabu cha Zaburi maombolezo ni mengi mno, na yaliimbwa hekaluni, mbele za watu wote. Mama yake Samweli alimimina uchungu wake mpaka kuhani akadhani amelewa. Na Bwana wetu alikuwa akielekea kaburini kwa Lazaro akijua kabisa atakachofanya baada ya muda mfupi, na bado alilia. Kama kuna aliyekuwa na sababu ya kujikaza siku ile, ni Yeye.

Liko jambo jingine, na hili kwangu ndilo kubwa. Mtume Yohana anaeleza kwamba askari hawakumvunja Yesu mfupa wowote, lakini mmoja alimchoma mkuki ubavuni. Neno la Kigiriki alilolitumia Yohana kwa ubavu huo ni *pleura*, na ndilo lilelile wafasiri wa kale wa Kigiriki walilolitumia kwa ubavu wa Adamu. Madaktari nao wamelichukua: utando unaozunguka mapafu mpaka leo unaitwa pleura. Walimu wa kale wa Kanisa, akiwemo Agostino, waliona uhusiano hapo. Walifundisha kwamba kama Hawa alivyotoka ubavuni mwa Adamu aliyelala, ndivyo Kanisa lilivyotoka ubavuni mwa Kristo aliyelala msalabani.

Ninayaheshimu mafundisho hayo. Lakini jicho langu la kazi linakwenda kwa Tomaso. Siku nane baada ya kwanza kuwatokea wanafunzi wengine, Yesu mfufuka anasimama mbele yake na kumwalika aweke mkono wake ubavuni mwake. Mwili ule umeshinda mauti, unaingia milango ikiwa imefungwa, na bado jeraha lipo. Hakulifunika. Hakumwambia Tomaso ajikaze aamini. Alimpa ubavu wake aushike. Siku niliyosoma hivyo niliukumbuka mkono wa shangazi juu ya khanga iliyokunjwa, nikajua nimeshaiona injili ile ikitendwa sebuleni kwetu.

Ndugu zangu, nina ombi moja kwa usharika, na linawahusu wazee wa kanisa, wanajumuiya, akina mama na akina baba pia, maana wanaume wetu ndio tunaowakaza zaidi. Tunapokwenda msibani tusiende na bendeji. Mtu aliyevunjika hahitaji kukazwa. Anahitaji kushikwa pale panapouma ili aweze kupumua. Kumshika ni kukaa naye bila haraka. Ni kulitaja jina la marehemu badala ya kulikwepa. Ni kumpelekea chakula wiki ya sita, wakati maturubai yameshaondolewa na wageni wameshasahau, kwa sababu mfupa hauungi siku ya mazishi. Ni kuvumilia maswali yake juu ya Mungu bila kumjibia Mungu. Maandiko yanasema Haruni alipoingia patakatifu alibeba kifuani mawe 12 yenye majina ya makabila ya Israeli. Sitaki kuhubiri kwamba mbavu nazo ni jozi 12. Nimeshaonya juu ya hesabu za namna hiyo. Nasema tu kwamba kuhani hakuambiwa ayaache majina mlangoni. Aliingia nayo mbele za Mungu, kifuani, juu ya moyo wake.

Na wewe unayesoma ukiwa umevunjika, ambaye umekuwa ukipumua pumzi fupi fupi ili watu wasione: vuta pumzi. Itauma. Kuuma huko si upungufu wa imani. Mungu aliyeweka misuli kati ya mbavu zako hakuiweka ili uikaze mbele zake.

Mdogo wangu alirudi kuimba, lakini si kwa siku moja. Kwanza alicheka. Tulikuwa tunamenya viazi, mtoto wake wa kiume, aliyerithi ulimi wa baba yake, akamwigiza babu yake anavyotafuta miwani iliyo usoni mwake. Mama yake aliangua kicheko, akajishika ubavu wa kushoto kwa mazoea ingawa mfupa ulikuwa umeshapona zamani. "Huyu atanivunja mbavu," alisema, kisha akanyamaza kwa kulisikia neno lililomtoka. Akamvuta mtoto karibu, akaweka kichwa chake pale pale palipovunjika, naye mtoto akatulia, akisikiliza kifua cha mama yake kikipanda na kushuka.